Tiba ya Mazungumzo na Mtoto wa Machimboni

Mwezi wa Oktoba 2015 kifusi kiliporomoka katika machimbo ya Nyangarata, Wilaya ya Kahama, kikawafukia wachimbaji wadogo waliokuwa chini. Tarehe 15 Novemba watu watano walitolewa wakiwa hai, baada ya kukaa siku 41 ndani ya ardhi. Magazeti yalieleza kwa kirefu jinsi walivyokula mizizi, vyura na mende, na jinsi walivyopata maji ya kunywa gizani. Habari hizo zilistahili kuandikwa. Lakini mwalimu azisomapo habari za namna hiyo hana budi kujiuliza jambo lingine: katika siku hizo 41, watoto wa watu waliofukiwa walikuwa wakikaa kwenye dawati lipi, na mwalimu wao aliwaambia nini?

Nawaandikia wanachuo watakaopangiwa shule za msingi za Shinyanga na za ukanda wa dhahabu wa Geita, kwa kuwa swali hilo watalikuta huko hata pasipo ajali ya kutangazwa redioni. Ukanda huo una migodi mikubwa yenye uzio na taa, kama ule wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu uliofuata mwaka 2001. Una pia maduara ya wachimbaji wadogo, makarasha ya kusaga mawe, na mialo ya kuoshea mchanga. Baba hushuka shimoni, mama huponda mawe juani, na habari za dhahabu mpya zikivuma, kaya nzima huhama, na mtoto huondoka shuleni bila barua ya uhamisho. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wanaofanya kazi machimboni katika nchi yetu, Geita na Kahama zikiwamo. Wengine walishuka mashimoni, wengine walishika zebaki kwa mikono mitupu. Watoto wa mahali kama hapo ndio watakaoandikwa katika daftari lako la mahudhurio.

Tuchukue mfano, ambao ni wa kubuni, ingawa mwalimu wa Nyarugusu au Kakola hatauona kuwa mgeni. Msichana wa darasa la nne alikuwa akisoma vyema. Baba yake amefia shimoni. Anarudi shuleni baada ya matanga, naye si yule yule. Hasomi kwa sauti, anasinzia asubuhi, anashtuka mlango ukigongwa, na wakati wa mapumziko anakaa peke yake nyuma ya choo. Walimu watatu watamtazama kwa njia tatu. Wa kwanza atasema ni mvivu, naye atamchapa. Wa pili atamwita pembeni na kumwambia kwamba sote tutakufa, kwa hiyo ajikaze. Wa tatu atamhurumia na kunyamaza, kwa hofu ya kuharibu zaidi. Huyu wa tatu ndiye ninayemwona mara nyingi zaidi, wala si mwalimu mbaya. Hakufundishwa la kufanya, basi.

Rai yangu ni kwamba kuzungumza na mtoto wa namna hiyo, kwa utaratibu, ni kazi ya kufundisha kwa maana kamili ya neno hilo. Ina hatua zake, muda wake na mipaka yake, kama ilivyo kazi ya kumfundisha kusoma. Na sababu yangu kubwa ni moja: mazungumzo yaliyopangwa vizuri huugusa ubongo, kama vile somo lililopangwa vizuri linavyougusa.

Najua kwamba hapo ndipo wengi watakapotia shaka. Wahenga walisema kwamba maneno matupu hayavunji mfupa, na wengi huongeza moyoni kwamba basi hayaugangi pia. Wanafikiri kwamba sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, pamoja na wasiwasi uliopita kiasi, ni mambo ya roho au ya tabia. Au, kama ni ugonjwa wa ubongo, basi dawa yake ni kidonge tu. Mwaka 1979 daktari mmoja wa Marekani, Eric Kandel, aliandika makala katika jarida la tiba la New England akiupinga mgawanyo huo. Kandel alikuwa akichunguza konokono mkubwa wa baharini mwenye seli chache na kubwa za neva, na yeye na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba mnyama huyo anapojifunza, viungo baina ya seli zake za neva hubadilika nguvu. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ikiwa kujifunza hubadili viungo vya neva, na ikiwa mgonjwa anayezungumza na mganga wake anajifunza jambo, basi mazungumzo hayo nayo lazima yawe yanabadili ubongo. Mwaka 2000 alipata Tuzo ya Nobeli kwa kazi yake juu ya neva na kumbukumbu. Mwalimu aangalie vizuri hoja ile ilikoanzia: ilianzia kwenye kujifunza, uwanja ambao ni wetu.

Wakati ule ilikuwa hoja tu. Ushahidi ulikuja baadaye, mashine za kupiga picha ubongo unaofanya kazi zilipopatikana. Mwaka 1992 Lewis Baxter na wenzake huko Los Angeles walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu wenye ugonjwa wa mawazo ya kujirudia, ule unaomlazimisha mtu kunawa mikono au kukagua mlango mara nyingi bila kikomo. Baadhi walipewa dawa. Wengine walifundishwa, hatua kwa hatua, kuikabili hofu yao pasipo kunawa. Kwa waliopata nafuu katika makundi yote mawili, sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo kaudeti ilipunguza matumizi yake ya sukari. Kidonge na mafunzo vilikuwa vimefika mahali pamoja.

Uchunguzi ambao ningependa kila mwanachuo aukumbuke ni wa Uppsala, Sweden, uliochapishwa mwaka 2002 na Tomas Furmark na wenzake. Hao walichagua watu 18 waliokuwa na hofu kubwa ya kutazamwa na wenzao. Kila mmoja alitakiwa kutoa hotuba mbele ya watu huku mtiririko wa damu katika ubongo wake ukipimwa. Kisha wakagawanywa: kundi moja lilipewa dawa, la pili lilipata tiba ya mazungumzo na mazoezi wakiwa pamoja kikundini, la tatu lilisubiri. Baada ya majuma tisa wakahutubu tena. Kwa waliopona, wa dawa na wa mazungumzo vilevile, amigdala na sehemu za jirani yake zilikuwa zimetulia. Amigdala ni viungo viwili vidogo vyenye umbo la lozi, ndani ya ubongo usawa wa masikio, ambavyo kazi yake mojawapo ni kutoa kengele ya hatari. Na wale ambao kengele yao ilitulia zaidi ndio waliokuwa na hali njema zaidi mwaka mmoja baadaye.

Sasa, mwalimu, kumbuka jinsi tunavyomwita mtoto ubaoni. Anatakiwa kusimama mbele ya wenzake tisini na kusoma kwa sauti, mwalimu ameshika fimbo, wenzake wanangoja kucheka. Hilo ndilo jaribio la Uppsala, na sisi tunalifanya kila siku bila mashine wala tiba. Mtoto aliyechekwa mara tatu amejifunza somo, ila si lile lililoandikwa katika andalio letu.

Kuhusu sonona yenyewe, mwaka 2004 kundi la Toronto, Kanada, lilipima ubongo wa wagonjwa kabla na baada ya vipindi 15 hadi 20 vya tiba ya fikra na matendo. Tiba hii ilianzishwa na Aaron Beck wa Philadelphia katika miaka ya 1960. Ndani yake mgonjwa hujifunza kuyakamata mawazo yanayomjia, kuyahoji kama shahidi mahakamani, na kurudia shughuli alizoziacha. Ubongo wa waliopona ulibadilika, lakini kwa namna iliyotofautiana na ile iliyoonekana kwa waliopona kwa dawa: sehemu za paji la uso zilipunguza kazi, na hipokampasi, ambayo husaidia kumbukumbu, iliongeza. Watafiti waliona kwamba huenda mazungumzo huingia kwa mlango wa fikra na kushuka kwenye hisia, ilhali dawa huanzia chini ikapanda. Halafu mwaka 2025 watafiti wa Halle, Ujerumani, walieleza kwamba baada ya vipindi 20 wagonjwa 30 wa sonona walionyesha ongezeko la tabaka la kijivu katika amigdala na hipokampasi. Yaani umbo lenyewe, licha ya kazi yake.

Hapa yafaa tuwe waangalifu, maana mwalimu akipenda habari za sayansi huweza kuzigeuza hirizi. Watu waliopimwa ni wachache: 18 hapa, 30 pale. Tena matokeo hayaelekei upande mmoja kila mara. Mwaka 2016 watafiti wa Sweden waliwaona wagonjwa wa wasiwasi wakipungukiwa ukubwa wa amigdala baada ya tiba, ilhali huko Halle wagonjwa wa sonona waliongezekewa. Na wote waliotajwa walikuwa watu wazima wa nchi tajiri. Kwa hiyo mwalimu asisimame mbele ya wazazi na kusema kwamba anakuza ubongo wa mtoto wao kwa milimita kadhaa. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni dogo kuliko hilo, nalo latosha: mtu anapopona kwa mazungumzo, kupona huko huonekana katika mwili wake. Si kujifanya, wala si kubembelezwa.

Sehemu ya pili ya ushahidi haina mashine, lakini imetoka karibu na kwetu. Kwangu mimi hii ina uzito kuliko ile ya kwanza.

Katika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, ng'ambo ya Ziwa letu, ukimwi ulikuwa umeua watu wengi. Watafiti waliofika huko hawakuanza na majina ya magonjwa waliyoyabeba kutoka vyuoni kwao. Waliwauliza wanavijiji: watu wenye taabu hii wanasumbuliwa na nini, nanyi mnaiitaje? Wakaambiwa maneno mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujihurumia. Dalili walizotajiwa zilifanana sana na zile za sonona. Ndipo wakachagua vijiji 30, vingine vikapata tiba, vingine vikangoja. Tiba ilikuwa ya mazungumzo katika kikundi, mara moja kwa juma, dakika 90, kwa majuma 16. Wanawake na wanawake wenzao, wanaume na wanaume wenzao. Viongozi wa vikundi walikuwa wenyeji waliofunzwa kwa majuma mawili. Waliongea juu ya msiba, ugomvi nyumbani, na maisha yaliyobadilika ghafla, nao walisaidiana kutafuta la kufanya juma lijalo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kabla ya kazi hiyo, asilimia 86 ya waliotibiwa na asilimia 94 ya kundi la kulinganishia walikuwa na sonona. Mwishoni, asilimia 6.5 tu ya waliotibiwa walikuwa bado nayo, ilhali katika kundi la kulinganishia ilikuwa asilimia 54.7. Hakuna aliyepigwa picha ya ubongo. Hakuna aliyekuwa daktari.

Mambo mawili ya Masaka yawe mbele ya kila mwanachuo. La kwanza ni lugha. Tiba ile ilianza na maneno ya watu wenyewe. Mtoto wa Shinyanga vijijini aghalabu amelia kwa Kisukuma kabla ya kujua kusema huzuni kwa Kiswahili. Darasani Kiswahili ni lugha ya kufundishia, na ni sawa iwe hivyo. Lakini mwalimu anayemwambia mtoto aliyefiwa, “Sema kwa Kiswahili fasaha,” amefunga mlango ambao yeye mwenyewe alikuwa akiubisha. Ikiwa mwalimu ametoka Mtwara au Kilimanjaro na hajui Kisukuma, amwite mwalimu mwenzake, au amwache mtoto aseme kwa lugha yake huku yeye akisikiliza uso. Na ayaulize majina. Mama wa kijiji wataje wenyewe jinsi wanavyomwita mtoto aliyebadilika baada ya msiba. Ayaandike katika daftari lake kama anavyoandika msamiati mpya. Wasukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wazee walizungumza na vijana mambo ya maisha. Machimboni, ambako kaya zimetoka kila pembe na kila mtu ni mpangaji, moto huo umezimika. Mtoto anabaki na masikio yake tu, akisikia habari za kifo cha baba yake kwenye foleni ya maji.

La pili ni kwamba watu wa kawaida waliweza. Zimbabwe nako, bibi wa mitaa ya Harare waliketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakawasaidia kupanga matatizo yao na kuyatatua moja moja. Jaribio lao, lililoongozwa na Dakta Dixon Chibanda, lilichapishwa mwaka 2016 nalo lilionyesha nafuu kubwa. Wao nao walianzia kwenye neno la watu, kufungisisa, ambalo kwa Kishona ni kufikiri kupita kiasi. Kwa watoto, jaribio lililo karibu zaidi nasi lilifanyika Moshi na Bungoma, Kenya, likatangazwa mwaka 2020. Watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili walishiriki. Walipewa vipindi 12 vya kikundi, pamoja na vichache vya mtoto peke yake, wakiongozwa na watu wasio wataalamu: walijifunza kutaja hisia zao kwa majina, kutuliza mwili, kuona jinsi wazo linavyozaa hisia, kusimulia tukio lenyewe kidogo kidogo, na kuomboleza. Katika sehemu tatu kati ya nne mshtuko wao ulipungua kuliko wa wenzao waliopata huduma ya kawaida. Mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilidumu Kenya. Huku Moshi makundi yote mawili yalikuwa yamelingana. Sitaki kulificha hilo la mwisho. Mwanachuo anayetaka tiba isiyoshindwa popote aitafute kwa waganga wa barabarani.

Baadaye, huko Bungoma, walimu wa shule nao walifunzwa kuongoza vikundi hivyo. Basi, anayesema kwamba kazi hii haiwezi kufanywa na mwalimu wa Afrika ya Mashariki amechelewa.

Je, mwalimu wa kawaida, asiyepata mafunzo ya Bungoma, afanye nini na yule msichana wa darasa la nne? Asijaribu kuwa mganga. Achukue yale machache ambayo ni mali ya ualimu tangu zamani.

Achague mahali panapoonekana na watu lakini pasiposikika, kama chini ya mti wa shule. Asimfungie mtoto ofisini. Amuulize swali moja lililo wazi, kisha anyamaze. Kunyamaza kwa mwalimu ni kugumu. Tumezoea kujibu maswali yetu wenyewe baada ya nukta tatu. Mtoto akisema, mwalimu amrudishie maneno yake ili ajue amesikiwa: “Usiku ndio mbaya zaidi.” Asiseme “jikaze”. Neno hilo, pamoja na nia njema iliyomo, humfundisha mtoto kwamba kilicho ndani yake hakina msikilizaji. Kisha wakubaliane jambo moja dogo la kufanya kabla ya juma lijalo: kukaa na rafiki mmoja wakati wa uji, au kurudi kwenye kuruka kamba. Mtu mwenye sonona huacha shughuli kwa sababu hana raha, na hukosa raha kwa sababu ameacha shughuli. Duara hilo hukatwa kwa tendo dogo, wala haifai kungoja moyo uchangamke kwanza.

Na kuhusu kusoma kwa sauti, ajenge ngazi. Juma la kwanza asome kwa rafiki yake. La pili asomee watu wanne. La tatu asome akiwa amekaa mahali pake, sentensi mbili. La nne asimame. Kila kidato kirudiwe hadi hofu ishuke, ndipo apande kingine. Hofu hushuka mtoto anapokaa na kitu anachokiogopa muda wa kutosha na baya alilolingoja lisitokee. Akikimbia mapema, au baya likatokea kweli, kwa mfano kicheko au kiboko, ngazi huvunjika. Kanuni za mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kwa kosa kubwa. Kutosoma kwa sauti si kosa kubwa, na huzuni si kosa kabisa. Lakini tunajua sote fimbo inavyobebwa madarasani kama chaki, na mwalimu anayetaka kuzungumza na mtoto saa nne baada ya kumchapa saa tatu anajidanganya.

Watakaosema kwamba hawana muda wana haki ya kusema hivyo. Tangu michango ilipofutwa mwaka 2016 madarasa ya Geita yamefurika, na mwalimu mwenye watoto mia moja na kitu hawezi kuketi na kila mmoja. Ndiyo maana Masaka na Bungoma walitumia vikundi. Watoto sita waliofiwa, mara moja kwa juma, dakika arobaini badala ya kwenda shambani, ni jambo linalowezekana katika shule yoyote ambayo mwalimu mkuu amekubali. Wataona kwanza kwamba si peke yao, jambo ambalo mwalimu hawezi kumpa mtoto kwa maneno yake mwenyewe.

Sasa mipaka. Kuna hofu ambayo ni ya kweli. Shule ya Msingi Buhangija, mjini Shinyanga, imepokea kwa miaka mingi watoto wenye ualbino waliokimbizwa huko ili wasiuawe. Na mwaka 2015 mtoto wa mwaka mmoja mwenye ualbino alitekwa wilayani Chato, akakutwa ameuawa. Mtoto wa namna hiyo akisema anaogopa usiku, mwalimu asimhoji wazo lake kana kwamba ni kosa la hesabu. Kwanza mlango uwe na komeo, mlinzi awepo, mtoto ajue nani atakuja akiita. Mazungumzo hufuata usalama. Kadhalika kwa mtoto anayepigwa au kunajisiwa nyumbani: hilo lipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, na simu ya 116 ipo kwa ajili hiyo, bila malipo. Mwalimu asimwahidi mtoto siri asiyoweza kuitunza. Ila siri inayotunzika aitunze, hasa mbele ya chai ya saa nne katika ofisi ya walimu, mahali ambapo huzuni za watoto wengi zimegeuzwa masimulizi.

Tena si kila mabadiliko ya tabia huponywa kwa kuzungumza. Mvuke wa zebaki, unaopanda dhahabu inapochomwa, hudhuru neva: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, mtu huwa mkali au mwoga, kumbukumbu hupungua. Mwalimu wa machimboni anayeona mwandiko wa mtoto umeanza kutetemeka asimwite chini ya mti. Amwite mzazi, waende zahanati. Na mtoto asiyekula, anayesema anataka kufa, au anayesikia sauti zisizokuwapo, apelekwe hospitali ya wilaya, ambayo itamtuma Bugando, Mwanza, ikibidi. Kujua lini kazi si yako ni sehemu ya kazi.

Vyuo vyetu hufundisha saikolojia ya elimu, na mwanachuo hutoka akijua kutaja hatua za ukuaji wa mtoto kwa mpangilio. Napendekeza kwamba katika mazoezi ya kufundisha kila mwanachuo afanye mazungumzo manne na mtoto mmoja, kwa ruhusa ya mwalimu wa darasa na ya mzazi au mlezi, na kuyaandikia andalio kama la somo: swali la kufungulia, muda aliokaa kimya, jambo dogo lililokubaliwa, na kama lilifanyika. Mkufunzi ayasome pamoja naye. Jina la mtoto lisiandikwe, wala la shule, na daftari lichanwe zoezi likiisha. Kuhusu alama, mimi ningeomba zisitolewe. Mwanachuo anayejua kwamba atapewa alama atamsukuma mtoto aseme, na mtoto atasema lolote ili aachiwe arudi kucheza.